Ng'ombe wa Kitenge cha Kabula

Milembe alishuka kwenye gari la Ikola akiwa na tranka jipya la shule, ndoo yenye kufuli, na ng'ombe kwapani. Ng'ombe huyo ni wa kitambaa, mkubwa kama mto wa kulalia kwa sababu ndivyo alivyo, mto. Pembe moja ilikuwa imelegea, tumbo limebonyea, na mshono wa mgongoni umeachia kiasi cha kupitisha vidole. "Shikamoo mama mdogo," akasema, akapiga goti kidogo, na kabla sijamaliza kuitikia akaninyooshea yule ng'ombe. "Utamshona? Siwezi kwenda naye bweni hivi, watatucheka wote wawili." Nikasema nitamshona. Alikuwa amepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na baba yake alinipigia simu kuomba akae kwangu Majengo siku chache mpaka shule ifunguliwe. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Nilimtazama kuliko adabu inavyoruhusu, nikitafuta uso wa mama yake, nikakuta urefu wa baba na vidole vya bibi, na sikuona mahali popote nilipoweza kusema: huyu hapa Kabula.

Jioni akanikataza nisiingie jikoni. Alileta migebuka mikavu, samaki wa ziwani, akasema atanionyesha wanavyoiunga kwa karanga kule Ikola. Nikakaa mlangoni kwenye kigoda, nikimsikiliza anavyosimulia abiria waliogombania siti. Mboga ikachemka. Akachukua mwiko, akagonga mfuniko wa sufuria, ko ko, akainamisha sikio na kusema kwa sauti nzito isiyo yake, "Hodi humo! Mmeiva, au nirudi kesho?" Kisha akafunua, akaonja, akafunika. Nilikuwa nimeshika bakuli. Nikaliweka chini polepole. Akanigeukia akicheka. "Mama alikuwa anafanya hivi, unakumbuka? Bibi anasema nimemrithi mzima mzima." Nikamwambia ninakumbuka. Kisha nikasema naenda kuangalia maji nje, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa, nikasimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo mpaka aliponiita kula.

Sijafikia umri wa kuandika kumbukumbu. Wenzangu wanaandika maombi ya kazi na ujumbe wa harusi. Lakini kuna mwaka mmoja ambao unanidai maelezo, na mtu pekee ninayeweza kumpa ni yule nisiyeweza kumpa, basi nayaweka hapa. Ni mwaka niliomaliza chuo. Nilirudi Mpanda na shahada ya sosholojia na tabia mbaya ya kuuliza. Niliuliza kwa nini wanawake wanakula nyuma ya nyumba. Niliuliza kama mvua ilinyesha kwa sababu ya maombi au kwa sababu ni Novemba. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake Kakese, aliniita Bi Kwanini, na jina likaenea mpaka kwa wauza mpunga. "Bi Kwanini, njoo utuulizie hili jembe kwa nini halilimi lenyewe." Sikukasirika. Niliona fahari. Nilidhani mtu asiyekubali kitu bila ushahidi hawezi kumdhuru mtu yeyote kwa uongo.

Kabula alikuwa binti wa shangazi huyo, binamu yangu, mkubwa kwangu. Alipika wali na maharage karibu na stendi, chini ya turubai la bluu lililotoboka, na mwaka ule nilikula kwake karibu kila mchana kwa sababu sikuwa na kazi na yeye hakuwahi kuonyesha kwamba ameona. Alimwita kila mtu "ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, hata askari wa mgambo waliokuja kumfukuza. Bega lake la kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia, alivuta pua kabla ya kusema jambo la maana, na hakuweza kunong'ona. Siri zake zilisikika mpaka kwa wakata tiketi. Mumewe alikuwa Ikola kwenye biashara ya dagaa, akija na kuondoka. Milembe alishinda na mama yake chini ya lile turubai, akilala juu ya magunia ya mchele, hajafikia hata umri wa chekechea. Kabula akaugua homa, akapelekwa hospitali, na baada ya siku chache tukaletewa habari ambayo sote tuliikataa kwanza kwa sauti, kana kwamba aliyeileta angeweza kurudi nayo.

Kwetu mtu hazikwi kwa kilio peke yake. Mtani wake lazima amwigize. Na katika ukoo wetu mtani wa kwanza ni binamu: mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hutukanana na kucheka maisha yao yote, na anayetangulia kufa huigizwa na anayebaki. Huvaa nguo yake, hutembea mwendo wake, hudai watu vitu kama alivyodai yeye, na nguo hiyo hubaki kwake. Mimi ndiye niliyekuwa binamu wa karibu. Nilikataa. Nilisema ni dhihaka, nikasema mambo niliyosoma kuhusu huzuni, nikatumia neno "kisaikolojia" mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa chini kwenye mkeka tangu alfajiri. Kisha nikasikia mmoja wao nyuma ya pazia, hakujua nipo karibu au alijua sana: "Msomi anaona aibu kuwa Kabula kwa saa moja. Kabula hakuona aibu kumlisha mwaka mzima." Shangazi hakunigombeza. Alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, mikono juu ya mapaja, viganja juu. "Minza," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mwanangu anaondoka kimya namna hiyo? Kama kuku?"

Basi nilikubali. Watu waliporudi kutoka makaburini na kunawa mikono, nikaingia chumbani kwa Kabula. Kilinukia vitunguu na mafuta ya nazi aliyojipaka. Nikachukua kitenge chake cha kahawia chenye maduara meupe, kile cha kila siku, nikakifunga juu ya gauni langu kwa fundo lake la pembeni. Nikainua bega la kushoto. Nikatoka nikivuta pua. Sikujua kwamba ninaweza. Nilisimama mbele ya baba mmoja mnene aliyekula kwa Kabula miaka mingi, nikasema kwa ile sauti isiyojua kunong'ona, "Ng'wanawane, leo umekuja kunizika na jana hukunisalimia?" na uwanja mzima ukapasuka. Nikamgeukia mwingine. Nikajaribu kunong'ona siri ikasikika barabarani. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, wakapiga mapaja, wakasema "Ndiye! Ndiye huyo!" Nami, ambaye sikuamini hata kidogo, nikahisi joto likinipanda mwilini kama la mtu anayependwa. Kisha nikaishiwa. Nilikuwa nimemaliza yote niliyoyajua kumhusu na bado wananitazama, wanataka zaidi. Sufuria kubwa la msiba lilikuwa jikoni, mafiga matatu, mwiko juu yake. Nikaunyakua ule mwiko, nikagonga mfuniko mara mbili, nikainamisha sikio. "Hodi humo! Mmeiva, au nirudi kesho?"

Kabula hakuwahi kufanya hivyo. Nataka niliandike wazi mahali fulani. Hakuwahi, si stendi, si nyumbani; alipika kwa haraka na kwa hasira kidogo, alifunua vifuniko kwa pindo la kitenge na kulaani mvuke. Nililitunga pale pale kwa sababu nilitaka wacheke mara moja zaidi. Na walicheka kuliko mwanzo. Shangazi alicheka. Kichwa kilienda nyuma kikagonga ukuta, akacheka kwa sauti, na wanawake wakamshika mabega kwa sababu kile kicheko kiligeuka katikati kikawa kitu kingine. Hapo ndipo nilipohisi mikono midogo imenikumbatia paja. Milembe alikuwa amewekwa kwa jirani tangu asubuhi. Nadhani alisikia sauti ya mama yake. Uso wake ulikuwa umezama kwenye kitenge. "Mama," akasema, "ulikuwa wapi?"

Nimepitia tena na tena sekunde ile, na nimetafuta jibu ambalo mtu mwenye akili angelitoa. Ningeweza kuinama na kumwonyesha uso wangu. Ningeweza kufungua kile kitenge. Ningeweza hata kunyamaza. Lakini sauti ilikuwa bado kooni, bega lilikuwa bado juu, na nikamsikia Kabula akisema kwa kinywa changu, "Nilienda kuteka maji, ng'wanawane." Mtoto akashusha pumzi. Akalegea kabisa, uzito wake wote juu ya mguu wangu. Mama mmoja akaja akamchukua taratibu, naye akakubali kuchukuliwa kwa kuwa sasa alishajua mama yuko wapi. Hakuna aliyenilaumu. Siku hiyo na zilizofuata watu walinishika mikono, wakasema nimemzika binamu yangu vizuri, kwamba hawajaona mtani kama mimi. Hata padri, ambaye nilikuwa nimemsumbua kwa maswali, alisema ana imani na mimi sasa.

Matanga yalipoanuliwa, wageni wakaondoka, nyumba ya shangazi ikabaki na mimi, yeye na mtoto. Ninakumbuka chumba kile cha mbele vizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kukaa: magunia ya mpunga ukutani, kalenda ya zamani ya kanisa, ungo wa michembe unaoingizwa ndani kila mawingu yanapotanda, na harufu ya vumbi tamu la viazi vikavu. Milembe hakula. Asubuhi alikoroga uji kwa kidole mpaka ukawa baridi. Shangazi alimchemshia matobolwa, viazi vilivyokaushwa, na karanga, chakula alichokuwa akikipigania zamani, naye mtoto akakipanga mstari juu ya mkeka na kukiacha. Jioni ya siku ya tatu au ya nne akaingia chumbani nilikolala, akatoka anakokota kitenge, akanitupia miguuni. "Vaa," akasema.

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama ungo. "Mtoto hajala," akasema.

Nikavaa. Nikainua bega. "Ng'wanawane, kula kabla sijala mimi," nikasema, na Milembe akala bakuli zima, akinitazama juu ya ukingo wake. Kesho yake akakileta tena. Akajua zamu: kwanza kitenge, kisha bega, kisha nigonge sufuria, kwa maana hilo la sufuria ndilo alilolipenda kuliko yote, ndilo la mwisho kumchekesha. Nilipovua alinitazama ninavyokunja, bila kulia, kama mtu anayemsindikiza mwingine stendi. Alijua mimi si mama yake. Nina hakika alijua. Mchana aliniita mama mdogo na kuniambia mama amefariki, kwa neno hilohilo la watu wazima. Lakini jioni aliniletea kitenge. Niliwahi kuuliza mambo mengi maishani, sikuwahi kumuuliza anaelewa nini hasa. Niliogopa kwamba atanijibu.

Iliendelea mpaka mvua za masika. Majirani walikuja kutazama wakati mwingine, wanasimama mlangoni na vitoto vyao mgongoni. Shangazi alianza kuketi karibu nasi jioni, kisha akaanza kuchangia: "Sema lile la mgambo." Usiku nilipokuwa nimelala nilimsikia akimwambia dada mmoja wa jumuiya, "Tangu Minza avae, nasikia nyumba ina watu." Nami nilikuwa nakonda. Nilianza kuvuta pua bila kujua. Nilikuwa dukani Majengo nikamwita mwenye duka ng'wanawane kwa sauti ile, akaacha kupima sukari. Kisha nikaitwa kazini, mradi mmoja huko Sumbawanga, wa kuhoji wakulima. Kazi ya kuuliza maswali, kwa mshahara. Nilisoma ule ujumbe kwenye simu nikiwa nimevaa kitenge cha Kabula, na kitu cha kwanza nilichokifikiria, kabla ya shangazi na kabla ya mtoto, kilikuwa: nitavua hiki.

Hapo ndipo wazo la mto lilipozaliwa, na hapa ndipo watu wanaponipa sifa nisizostahili. Chuoni tulikuwa tumesoma kuhusu watoto na vitu laini wanavyovishika wanapotenganishwa na wazazi. Nikaeleza hayo kwa shangazi kwa upole mkubwa. Nikamwambia mtoto atapata kitu cha kukumbatia chenye harufu ya mama, kitakachomfuata popote. Vyote hivyo vilikuwa kweli, na nilivisema kwa sababu vilikuwa kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba kitenge kilichokatwa hakivaliki. Nilitaka kisivalike. Shangazi alikishika muda mrefu, akakigeuza upande wa ndani na wa nje. "Ukikikata," akasema, "basi." Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Basi." Akanipa.

Nilikishonea kwenye baraza la fundi Jumanne kule Majengo, kijana aliyekuwa na cherehani tatu na mdomo unaofanya kazi kuliko zote. Nilikwenda na Milembe kwa sababu hakukubali kitenge kitoke machoni pake. "Bi Kwanini mwenyewe!" Jumanne akaita. "Umekuja kunihoji, au leo unataka kazi ya maana?" Nilikuwa nimenakili kwenye karatasi ya mfuko wa saruji umbo la dubu nililoliona kwenye simu. Jumanne akaliinua juu ya mwanga. "Huyu nani? Mbwa aliyenenepa?" Nikamwambia ni dubu. "Dubu anaishi wapi, Kakese au Ikola?" Wateja wakacheka. Nikamuuliza Milembe anamwonaje. Akatazama kwa makini kama mnunuzi. "Huyo simjui," akasema. "Nataka ng'ombe. Anayelala."

Ng'ombe aliyelala ni mto mzuri, miguu imekunjwa, shingo imerudi ubavuni. Nikachora upya upande wa pili wa karatasi. Jumanne aliniachia cherehani ya miguu iliyokuwa ukutani na kunionyesha kwa vidole namna ya kuugeuza mshono wa pembe ili ncha isijikunje. Nilikata. Sauti ya mkasi ndani ya kitenge kizuri ni kavu, haina huruma. Milembe alikuwa amekaa juu ya rundo la mabaki ya nguo akila karanga, na kila nilipokata aliacha kutafuna. Maduara meupe yakakaa mgongoni kama madoa ya ng'ombe halisi. Pembe nilizitoa kwenye kipande cheusi cha sare ya shule, macho nikayatarizi kwa uzi ili asije akameza kifungo, mkia nikausuka kwa pindo lile ambalo Kabula alifunulia vifuniko. Tumbo nikalijaza sponji la godoro kuukuu lililonyofolewa vipande vidogo pamoja na mabaki ya baraza zima la Jumanne, nikaziba tundu la kujazia kwa mshono wa mkono. "Kazi safi," Jumanne akasema, bila utani safari hii. "Huyu hata mimi ningemlalia."

Nikampa Milembe. Akamshika kwa pembe, akamgeuza, akamnusa. Akatafuta. Nilimwona anatafuta: anapapasa mgongoni, chini ya tumbo, nyuma ya masikio, anavuta pale nilipoziba, kama mtu anayetafuta fundo la kufungulia. Alipoona hakuna akaniinulia uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali la kawaida, kama yale niliyozoea kuuliza mimi.

"Sasa mama atavaa nini?"

Jumanne akaanza kukanyaga cherehani yake kwa nguvu ingawa hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na nadharia yenye majina ya watu. Nikasema tu twende tukanywe soda. Jioni ile alikaa na ng'ombe mapajani akasubiri, na niliketi mbele yake na gauni langu mwenyewe, mabega sawasawa. Shangazi alileta ugali. Milembe akamgonga ng'ombe kichwani kwa kidole, ko ko, akamwambia kitu sikioni, kisha akanawa na kula. Nikaondoka wiki iliyofuata. Baba yake naye akaja kumchukua kwenda Ikola, na shangazi akaniambia kwenye simu kwamba ng'ombe amekwenda naye juu ya magunia ya dagaa. "Umefanya kitu kikubwa," akasema. Wote walisema hivyo. Kwa miaka yote hii, kila nilipotajwa kwenye shughuli za ukoo, nimekuwa yule aliyemshonea mtoto wa marehemu mto.

Siku iliyofuata ujio wa Milembe na tranka lake, tuliketi barazani kwangu, mimi na msichana aliyenipita urefu, tukamfungua ng'ombe. Sponji lilikuwa limegeuka unga wa njano. Likamwagika kwenye sinia kama unga wa mahindi ya zamani. Nilikuwa nimenunua pamba mpya. Milembe alinyofoa, mimi nikajaza. Asubuhi nilikuwa nimempigia shangazi. Nilimuuliza kwa namna ya kawaida, katikati ya habari za mvua, kama Kabula alikuwa na tabia ya kugonga sufuria. "Tangu mdogo," shangazi akajibu bila kusita. "Nilikuwa namgombeza, utapasua mfuniko. Wewe umesahau?" Nikabaki na simu sikioni. Mimi, niliyewahi kumwomba padri ushahidi, sasa ndiye shahidi pekee aliyebaki, na upande wa pili uko mama mzazi.

"Nisimulie mama," Milembe akasema. "Watu wananiambia alikuwa mzuri, alikuwa mcheshi. Hayo wanasemwa wafu wote." Nikamtazama, huyo Bi Kwanini mwingine alikuwa amekaa mbele yangu. "Mimi nina kitu kimoja tu. Kulikuwa na watu wengi uwanjani, wanacheka, labda ilikuwa sherehe. Mama ana hiki kitenge. Anagonga sufuria, anasema maneno yake. Nikamfuata, nikamuuliza alikuwa wapi, akasema alienda kuteka maji." Alitabasamu akiwa ameinamia tumbo la ng'ombe. "Basi. Sina hata sura yake. Nina kitenge na sauti."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Milembe. Ile siku ya watu wengi..."

"Eeh?"

Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, tayari kupokea. Alidhani naongeza. Alidhani nilikuwepo kati ya watazamaji, na kwamba sasa ile siku yake moja itapata siku ya pili. Ningeweza kusema. Maneno ni machache, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha nyuma ya macho. Badala yake nikajaribu kumpa kitu cha kweli, nikiamini kwamba cha kweli kikiwekwa karibu na cha uongo kitakisogeza chenyewe. Nikamwambia mama yake alipika kwa hasira. Kwamba alifunua vifuniko kwa pindo la kitenge, huu mkia hapa, na kuutukana mvuke kana kwamba mvuke ni mgambo. Kwamba hakupenda kupika hata kidogo, alitaka kuwa kondakta wa basi. Nikasimama nikamwonyesha: pindo, mkono unaorushwa pembeni, uso uliokunjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwigiza Kabula tangu nilipokata kitenge chake, na nilimwigiza alivyokuwa hasa.

Milembe alinitazama kwa heshima. Kisha akatikisa kichwa polepole, kwa upole, kama unavyomsahihisha mtu mzima anayechanganya majina. "Hapana, mama mdogo," akasema. "Umemchanganya na mtu. Mama hakuwa hivyo."

Nikakaa. Nikaendelea kujaza pamba. Nikamwambia labda, ni muda mrefu.

Jioni ya mwisho kabla ya shule tulipika pamoja. Tranka lilikuwa mlangoni, limefungwa. Ng'ombe juu yake, amejaa, mshono mpya mgongoni wa uzi mweupe uliokaa vibaya kati ya maduara. Maharage yalikuwa motoni. Milembe alichukua mwiko, akautazama, akanipa mimi. "Gonga wewe leo," akasema, "ili nikiwa bweni nijue kuna mtu anagonga."

Nikausogelea moto. Nikagonga mfuniko mara mbili, nikainamisha sikio. "Hodi humo," nikasema. "Mmeiva, au nirudi kesho?"

Akacheka, akasimama nyuma yangu, akanishika kifundo cha mkono. "Siyo hivyo, mama mdogo," akasema. "Mama alikuwa anainua bega. Tazama. Hivi."